Ceska au Glock? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaobeba Bastola kwa Leseni

Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na watu ambao tayari wamepewa leseni ya silaha nchini Kenya, au ambao ombi lao limefika mahali pa kuanza kufikiria watanunua nini. Dukani swali huja kwa majina mawili tu, Ceska au Glock, kana kwamba mtu anachagua kati ya chapa mbili za redio. Nyuma ya majina hayo mna mitindo miwili ya bastola, na tofauti yake haionekani sana siku ya kulenga shabaha uwanjani. Huonekana asubuhi unapoivaa silaha na usiku unapoivua, mwaka mzima. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu haya inahusu kuvaa na kuvua kuliko kupiga.

Tofauti kati ya mitindo hii miwili ni ipi hasa?

Risasi ina fataki ndogo kwenye kitako chake, na haiwezi kufyatuka mpaka pini iigonge fataki hiyo kwa nguvu. Mitindo hii inatofautiana katika namna pini inavyoipata nguvu hiyo. Katika bastola ya nyundo, ambayo mfano wake mashuhuri kwetu ni CZ 75, kuna nyundo ndogo inayoonekana nyuma ya slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola inapopigwa. Nyundo ikianguka huipiga pini, na pini huipiga fataki. Katika bastola kama Glock hakuna nyundo kabisa. Pini yenyewe, iliyofichwa ndani ya slaidi, husukumwa na springi: ukiikoki bastola, yaani ukiivuta slaidi nyuma na kuiachilia, pini huvutwa nyuma kwa sehemu tu, na kidole kinapokaza kifyatulio huimalizia safari yake kisha huiachilia.

Jambo hilo la ndani huzaa tofauti ambayo kidole huihisi kwenye kifyatulio mara moja. Ukiibeba CZ 75 ikiwa na risasi kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kupigwa, na nyundo ikiwa chini, mvuto wa kwanza hufanya kazi mbili, yaani kuinyanyua nyundo na kuiangusha, na kwa sababu hiyo huwa mrefu na mzito, takriban kilo 4 hadi 5. Risasi ikishatoka, slaidi inayorudi nyuma huikoki nyundo, yaani huiacha imenyanyuliwa tayari, na mivuto yote inayofuata huwa mifupi na myepesi, karibu nusu ya ule wa kwanza. Glock haina sura mbili namna hiyo. Mvuto wake wa kwanza na wa mwisho ni ule ule, wa takriban kilo 2.5. Karibu kila hoja utakayoisikia katika ubishi huu, ukiifuata hadi mwisho, utaikuta inarudi kwenye mvuto wa kwanza.

Kwa nini Wakenya huziita "Ceska", na je, neno hilo linatosha dukani?

Jina limetokana na kiwanda cha Česká zbrojovka, yaani kiwanda cha silaha cha Kicheki, kilichoanzishwa mwaka 1936 katika mji wa Uherský Brod. Neno la kwanza lilibaki vinywani, la pili likaachwa. Dukani halitoshi hata kidogo, kwa kuwa kiwanda hicho hutengeneza bastola za mitindo yote miwili: CZ P-10 C, kwa mfano, haina nyundo na hufanya kazi kwa namna iliyo karibu sana na ya Glock. Anayeagiza "Ceska" bila kutaja modeli anaweza kurudi nyumbani na silaha ya mtindo ambao hakuukusudia. Bastola ya Jericho ya Israeli nayo imetokana na muundo wa CZ 75, kwa hiyo mengi yanayosemwa hapa kuhusu bastola ya nyundo yanaihusu pia.

Je, Ceska zote za nyundo hubebwa kwa namna moja?

Hapana, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. CZ 75, iliyobuniwa na František Koucký na kutolewa mwaka 1975, ina kifungio cha usalama upande wa kushoto, mahali kidole gumba kinapofika. Kifungio hicho hukubali kufunga pale tu nyundo ikiwa imekokiwa. Kwa hiyo mwenye bastola hiyo ana njia mbili. Ya kwanza ni kuibeba nyundo ikiwa imekokiwa na kifungio kimefungwa, kisha kukumbuka kukisukuma chini kabla ya kupiga. Ya pili ni kuibeba nyundo ikiwa chini, ili mvuto wa kwanza mzito uwe ndio ulinzi wake.

Njia ya pili inavutia, lakini ina tatizo la namna ya kuishusha nyundo hiyo. Hakuna kitufe. Inakubidi uielekeze bastola mahali salama, uikamate nyundo kwa kidole gumba, ukaze kifyatulio kwa kidole cha shahada ilhali risasi imo kwenye chemba, kisha uiteremshe nyundo polepole huku ukikiachilia kifyatulio. Wakati huo kinachozuia mlio ni msuguano wa ngozi ya kidole gumba juu ya chuma chenye upana wa chini ya sentimita moja. Mtu aliyetoka kupaka mafuta mikononi, au aliyechoka saa tano za usiku, anacheza na bahati yake, na atacheza nayo tena kesho.

Kiwanda kililiona tatizo hilo, kikatengeneza modeli ambazo badala ya kifungio zina kishusha nyundo, yaani kitufe kinachoiteremsha nyundo bila kidole kugusa kifyatulio. CZ 75 BD ni mojawapo. CZ P-01, yenye fremu ya aluminiamu na ambayo polisi wa Ucheki waliichukua mwaka 2001, ni nyingine. CZ P-07, yenye fremu ya plastiki ngumu, huja na vipuri vinavyokuwezesha kuamua kama unataka kifungio au kishusha nyundo. Ushauri wangu ni wa moja kwa moja: ukiuchagua mtindo wa nyundo kwa sababu ya mvuto wa kwanza mzito, nunua bastola yenye kishusha nyundo. Kuchukua CZ 75 yenye kifungio kisha kuishusha nyundo kwa mkono kila siku ni kununua usalama kwa mkono mmoja na kuurudisha kwa mwingine.

Glock haina kifungio cha kidole gumba. Je, si hatari kuibeba?

Glock ina vizuizi vitatu. Kimoja ni kilimi kidogo kilicho katikati ya kifyatulio, ambacho hukizuia kifyatulio kisiende nyuma kikiguswa ubavuni tu. Cha pili huizuia pini isifike kwenye fataki. Cha tatu huhakikisha kwamba bastola ikianguka sakafuni haiwezi kufyatuka. Vyote vitatu hufunguka vyenyewe kifyatulio kinapokazwa, na hilo ndilo lililokusudiwa na Gaston Glock, aliyeibuni: atakayehitaji kupiga asikumbuke kitu kingine chochote.

Bastola, hata hivyo, haina namna ya kujua kilichokikaza kifyatulio. Ajali za mtindo huu mara nyingi hutokea wakati wa kuirudisha silaha kwenye ala. Mtu ametoka msalani, amepandisha suruali, shati halijachomekwa vizuri, na pindo lake limeingia mdomoni mwa ala. Anasukuma bastola chini, anahisi kizuizi kidogo, na badala ya kusimama anaongeza nguvu. Kitambaa kimekwisha kuingia ndani ya pete ya kifyatulio, na mtutu umeelekea kwenye paja lake mwenyewe. Kamba ya jaketi yenye kifundo cha plastiki kwenye ncha hufanya kazi hiyo hiyo, tena kwa ufanisi zaidi.

Kwa hiyo swali la usalama wa Glock kwa kiasi kikubwa ni swali la ala. Ala iwe ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa modeli hiyo hasa, au ya ngozi nene isiyojikunja, na iifunike pete yote ya kifyatulio. Ala za kitambaa laini zinazouzwa kwa bei ya kutupa, zile zinazodaiwa kutosha bastola yoyote, hazifai. Ala ya ngozi iliyozeeka ni hatari ya aina yake, kwa kuwa mdomo wake hulegea, ukajikunja kwa ndani, na ule mkunjo ukasimama mahali pa kidole. Ikague ala yako kama unavyokagua tairi za gari.

Hapa bastola ya nyundo ina faida ambayo naona ndiyo kubwa kuliko zote. Unapoirudisha kwenye ala, unaweka kidole gumba juu ya nyundo iliyo chini. Kitu chochote kikikikaza kifyatulio, nyundo itaanza kunyanyuka, na kidole gumba kitaihisi na kuizuia kabla haijafika popote. Glock ya kawaida haina mahali pa kukupa habari hiyo.

Je, mvuto wa kwanza mzito hunisaidia au hunikwamisha?

Hufanya yote mawili. Mtu mwenye hofu hukaza misuli bila kujua, na mkono mmoja ukishika kitu kwa nguvu vidole vya mkono wa pili navyo hutaka kujikunja. Mvuto wa kilo 4 au 5, wenye safari ndefu, humpa mtu nafasi ya kutambua anachokifanya. Polisi wa jiji la New York, walipoacha bastola za silinda na kuhamia hizi za magazini katika miaka ya 1990, walitaka kifyatulio kiwe na uzito unaozidi kilo 5 ili kupunguza risasi za bahati mbaya. Gharama yake ni kulenga: kadiri kifyatulio kinavyokuwa kizito ndivyo kinavyoiyumbisha bastola inapokazwa, na risasi inayoyumba mtaani huenda kwa mtu asiyehusika.

Mwenye Ceska ya nyundo anajifunza vifyatulio viwili, na wengi hujifunza kimoja tu. Hesabu ni rahisi. Ukienda uwanja wa shabaha na pakiti ya risasi 50, ukajaza magazini kwa kumikumi, ukaishusha nyundo mwanzoni mwa kila moja na kupiga hadi zishe, umefanya mvuto mzito mara tano na mvuto mwepesi mara arobaini na tano. Ule ambao ungeuhitaji kwanza ndio ulioufanyia mazoezi kidogo kuliko wote. Anayefanya mazoezi ya kweli huishusha nyundo kwa kitufe baada ya kila risasi moja au mbili, akaanza upya. Kazi hiyo inachosha, na ukijua huna subira nayo, Glock itakutendea haki zaidi.

Vipi nikiibeba bila risasi kwenye chemba, kisha niikoki nikiihitaji?

Ni desturi iliyoenea, na ina asili ya heshima. Waisraeli waliifundisha kwa miaka mingi. Kwa mtu aliyepata silaha juzi, ambaye bado hana ala nzuri wala mazoezi ya kutosha, siwezi kumlaumu akianza hivyo. Hasara yake ni kwamba kukoki kunahitaji mikono miwili, na mara nyingi mkono wa pili una kazi nyingine: umemshika mtoto, unausukuma mlango, au unamzuia mtu aliyekwisha kukufikia.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji husahau kulisema. Ukiibeba Ceska chemba ikiwa tupu kisha ukavuta slaidi, slaidi hiyo huikoki nyundo, na mvuto wako wa kwanza utakuwa ule mwepesi. Ule mzito uliokufanya uichague bastola hiyo hutautumia kamwe. Hatari ikipita, utabaki na silaha iliyokokiwa mkononi, yenye kifyatulio cha karibu kilo 2, mikono ikitetemeka. Anayejua kwamba atabeba chemba tupu siku zote hana sababu ya maana ya kulipia mtindo wa nyundo.

Uzito na ukubwa vina tofauti gani?

CZ 75 B ni chuma kitupu na ina uzito wa takriban kilo 1 kabla ya kujazwa. CZ P-01 ina takriban gramu 800. Glock 19, iliyotoka mwaka 1988 na ambayo magazini yake ya kawaida hubeba risasi 15, ina takriban gramu 600. Risasi 15 huongeza karibu gramu 180 juu ya hayo. Wanaotaka kitu chembamba cha kufichika chini ya shati jepesi huitazama Glock 43 ya mwaka 2015, inayobeba risasi 6 tu. Lakini bastola ndogo hupiga teke kali zaidi, na wanaoinunua kwa ajili ya starehe ya kuibeba mara nyingi huacha kuifanyia mazoezi kwa sababu ya adha ya kuipiga.

Chuma kizito hutuliza teke la bastola, na CZ 75 uwanjani ni raha tupu. Baada ya saa nane kwenye mkanda wa suruali, huku ukipanda na kushuka matatu au ukiketi kwenye foleni ya Thika Road na mkanda wa gari umeibana nyonga, maoni hubadilika. Wengi niliowaona wakinunua CZ 75 kubwa huishia kuiacha kabatini, na hapo unakuwa umelipia leseni ya kuwa na kabati.

Nina mkono mdogo, au natumia mkono wa kushoto. Nichague ipi?

Mwenye vidole vifupi atapata taabu na mvuto wa kwanza wa CZ 75, kwa kuwa kifyatulio huanzia mbali. Slaidi yake nayo hupita ndani ya fremu badala ya kuikumbatia kwa nje. Muundo huo husifiwa kwa utulivu, lakini humwachia mtu sehemu ndogo ya kukamata wakati wa kukoki. Wanawake kadhaa wamewahi kuambiwa dukani kwamba hawana nguvu, ilhali tatizo lilikuwa umbo la chuma. Glock za kuanzia kizazi cha 4 zina migongo ya kishikio inayobadilishwa, na kitufe cha magazini kinaweza kuhamishiwa upande wa pili. Anayetumia kushoto na kupenda Ceska aiulizie CZ 85, ambayo ni CZ 75 yenye vifungio pande zote mbili.

Majeshi na polisi wamechagua mtindo upi?

Mwelekeo uko wazi. Austria iliichukua Glock 17 mwaka 1982. Uingereza iliichagua Glock 17 mwaka 2013. Jeshi la Marekani, ambalo tangu 1985 lilikuwa na Beretta ya nyundo yenye mivuto miwili, lilitangaza mwaka 2017 kwamba linahamia kwenye bastola ya SIG Sauer isiyo na nyundo, ingawa lilitaka iwe na kifungio cha kidole gumba. Usiuchukue ushahidi huo kupita kiasi. Jeshi hufikiria gharama ya kuwafundisha maelfu ya vijana kifyatulio kimoja badala ya viwili, na askari hubeba silaha yake kwenye ala ngumu iliyo wazi nje ya sare, bila pindo la shati wala mkoba.

Nimesikia kuna bastola zilizofyatuka zenyewe. Ni kweli?

Mwaka 2017 ilibainika kwamba SIG P320 za kiraia ziliweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani, na kampuni ikatangaza kuzifanyia marekebisho bila malipo. Malalamiko dhidi ya modeli hiyo yaliendelea baada ya hapo na kufikishwa mahakamani Marekani. Hiyo ni bastola isiyo na nyundo, lakini haifanani na Glock kwa kila kitu: pini ya P320 hukaa ikiwa imevutwa karibu yote, ilhali ya Glock hukaa imevutwa kwa sehemu tu. Kwa upande wa nyundo, CZ 75 za mwanzo, kabla ya modeli ya B, hazikuwa na kizuizi cha pini, na zikianguka kwa mtutu pini inaweza kusonga mbele kwa uzito wake.

Kuna watoto nyumbani. Mtindo upi ni salama zaidi?

Hakuna. Mtoto asiyeweza kuukaza mvuto mzito kwa kidole kimoja huigeuza bastola na kuukaza kwa vidole gumba viwili, tena mtutu ukiwa umemwelekea yeye. Nunua kabati la chuma lenye kufuli kabla ya kununua bastola, ulikaze ukutani, na ufunguo usiwe juu ya fremu ya mlango ambako kila mtoto anajua unawekwa.

Usafishaji na kutu: ipi ina kazi zaidi?

Wanaoishi Mombasa, Malindi au Lamu wanajua upepo wa bahari unavyokula chuma. Fremu ya plastiki haishiki kutu, na slaidi ya Glock imetengenezwa kwa namna inayoistahimili chumvi vizuri. CZ 75 yenye rangi ya kawaida hushika madoa pale inapogusana na jasho, hasa kwenye ukingo wa nyuma wa slaidi na kwenye nyundo, na huhitaji kupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila jioni. Springi na pini za ndani ni chuma katika zote mbili, kwa hiyo mwenye Glock naye asijisahau.

Katika kuifungua kuna tofauti inayogusa maisha. Ili kuitenganisha Glock, ni lazima ukaze kifyatulio kwanza, na watu wamejipiga mikononi kwa kuamini kwamba chemba ilikuwa tupu. Toa magazini, vuta slaidi, itazame chemba, ingiza kidole uiguse, kisha tazama tena, na mtutu uelekee mahali ambapo risasi haitamdhuru mtu. CZ 75 haihitaji kukaza kifyatulio; unalinganisha alama mbili nyuma ya slaidi na fremu, unasukuma pini ya pembeni, na slaidi inatoka. Chemba itazame vilevile.

Risasi ikigoma kufyatuka, bastola ya nyundo si inaweza kuigonga tena?

Inaweza: unakaza kifyatulio upya na nyundo inaipiga fataki mara ya pili, jambo ambalo Glock hailiwezi bila kuvuta slaidi. Wakufunzi wengi hufundisha kuvuta slaidi hata hivyo na kuleta risasi mpya, kwa sababu iliyogoma mara moja huenda ikagoma tena. Usiichague bastola kwa hoja hii.

Nikikosea, naweza kubadilisha?

Unaweza, lakini si kwa kurudi dukani na risiti. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti hutolewa kwa silaha maalumu, na kubadilisha kunapitia kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Waliopitia uhakiki wa wenye leseni wote ulioamriwa mwishoni mwa 2018 wanajua kwamba karatasi zisizolingana na chuma huleta maswali marefu. Kwa hiyo jaribu kabla ya kununua. Uliza kwenye uwanja wa shabaha, kama ule wa Kirigiti kule Kiambu, kama kuna mkufunzi anayeweza kukusimamia upige bastola za mitindo yote miwili. Pakiti moja kwa kila moja itakufundisha zaidi ya ukurasa huu. Walioko Tanzania wanafuata sheria yao ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 na utaratibu wa Jeshi la Polisi, lakini ushauri wa kujaribu kwanza ni ule ule.

Basi wewe ungechagua ipi?

Kwa mtu anayevaa suti au shati lililochomekwa, anayevua bastola mara kadhaa kwa siku kwa sababu anaingia benki, mahakamani na kwenye ofisi zisizoruhusu silaha, ningependekeza CZ P-01 au P-07 yenye kishusha nyundo. Mtu huyo anairudisha silaha kwenye ala mara nyingi, na kidole gumba juu ya nyundo ni bima isiyolipiwa. Kwa anayeivaa asubuhi na kuivua usiku tu, mwenye ala ngumu na mazoezi ya wastani, Glock 19 inatosha na ni rahisi kuifahamu. Mwenyewe hubeba ya nyundo. Nakiri kwamba mara tatu katika miaka hii kidole gumba kimehisi kitu, na mara zote tatu lilikuwa pindo la fulana.

Baba alifariki na kuacha Ceska ya zamani. Naweza kuibeba?

Leseni hairithiwi. Silaha hiyo si yako hata ukiwa mtoto wa pekee, na kuiweka nyumbani bila cheti chako mwenyewe ni kosa. Usiikoki kuonyesha ndugu waliokuja matangani, na usijaribu kuishusha nyundo ukiikuta imekokiwa. Iache ilipo, ufunge chumba, uende kituo cha polisi cha eneo lako na cheti cha marehemu, uwaombe waje kuichukua kwa maandishi. Ukitaka iwe yako, utaomba leseni kama mwombaji mwingine yeyote. Ikikubaliwa, itazame ubavuni: kama imeandikwa CZ 75 bila herufi ya B, ni ya zile zisizo na kizuizi cha pini, na fundi mwenye kibali ataiangalia kabla haijatiwa risasi hata moja.